Kibandiko Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na nne ya mayai. Asubuhi nilikuwa napiga pasi shati la kazini. Taa zikafifia. Kidogo tu, mtu asiye na nongwa asingeona. Mashine ya kuangulia vifaranga ikakohoa mara mbili kule kwenye korido. Mke wangu akatoka jikoni na povu la sabuni mikononi. Akaitazama pasi, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba wiki hii anamleta fundi umeme. Mwenye leseni. Neno leseni alilirudia.

Niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Umeme wa vyumba vya nyuma niliufunga mimi. Kwa mikono yangu hii. Miaka kumi na miwili watu wamekaa humu, wameoga, wamelala, wametoka wazima. Ni kweli nyumba ina mazoea yake. Taa ya barazani haiwaki mpaka uusukume mlango kwa bega. Taa ya chumbani haiwaki mpaka ya bafuni iwake kwanza. Mgeni akija kulala tunamwelekeza, basi. Nyumba gani haina tabia zake?

Tatizo ni mayai. Yale ya kwanza, ya Januari, yalikufa yakiwa na siku kumi na sita. Nilikuwa nachemsha maji na kupiga pasi kwa wakati mmoja. Fyuzi ikaungua, nyumba ikawa kiza kutwa nzima, na mimi nikawa natafuta fyuzi nyingine ndani ya kopo la misumari. Mwishowe nikaweka msumari. Tangu siku hiyo fyuzi haijaungua tena. Msumari hauungui. Lakini mayai yalikuwa yameshapoa. Mke wangu aliyazika mwenyewe nyuma ya ukuta, hakunisemesha siku tatu.

Safari hii yako sitini. Ameyamulika kwa tochi moja moja, hamsini na mawili yana uhai. Aliiacha cherehani kwa ajili ya kazi hii. Amesema haya nayo yakifa, anaichukua mashine na kuhamia nayo kwa kaka yake, ambako umeme haukatiki. Hakusema atarudi lini. 

Kaka yake ndiye shemeji yangu. Anauza magodoro, lakini mtaa mzima unamwita Injinia, eti kwa kuwa anatembea na kalamu mbili mfukoni. Mwaka ule nilipofunga umeme alifunga soketi moja. Moja tu, ya korido, na alitumia siku nzima. Sasa mashine, kati ya soketi zote za nyumba hii, imechomekwa kwenye hiyo hiyo.

Haya, fundi aje. Ila akute nyumba inayomheshimisha mwenye nyumba. Nimeazimia.

Jumanne, 4 Machi

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema nina homa.

Kuandaa nyumba kwa ajili ya fundi ni kama kufagia kabla ya mgeni. Sioni aibu iko wapi. Nilianza na msumari. Nikauchomoa kwenye kiboksi cha fyuzi ili niufiche. Nyumba ikazimika yote. Mashine ikanyamaza. Mke wangu akaita jina langu kutoka korido, lile jina kamili la kuitwa mahakamani. Msumari ulirudi mahali pake kabla hajamaliza kulitamka. Nikamwambia ni wale wa umeme, wanachezea nguzo. Akasema mbona kwa jirani redio inaimba.

Nikaenda vyumbani. Waya za ukutani nikazipaka rangi ya ukuta, zikapotea kabisa. Tundu la juu ya kitanda nikalitundikia kalenda. Ile soketi ya jikoni iliyoyeyuka kidogo nikaisogezea friji. Sasa mlango wa jikoni unafunguka nusu. Mke wangu anapita ubavu, sufuria mbele.

Soketi ya chumbani sikuigusa. Ile ndiyo kazi yangu bora. Imenyooka, haijapinda hata kidogo, niliipima kwa rula. Nilipitisha tu kitambaa chenye maji ing'ae. Ikanirusha mpaka kwenye kapu la nguo chafu. Nilikaa humo kwa muda nikitafakari. Kitambaa kilikuwa na maji mengi mno, kosa si la soketi.

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa nimejipanga vizuri. Nimpokee fundi getini, nimshike bega, tuongee kiume, nimwombe kasoro ndogo ndogo aniambie mimi faraghani. Akaja mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, ngazi begani. Mpango wa kuongea kiume ukafia hapo hapo getini.

Kabla hata ya kukaribishwa maji alimpa mke wangu leseni yake aisome. Mke wangu aliisoma mbele na nyuma, mpaka muhuri. Mimi nikasema, kwa utani tu, kwamba karatasi haifundishi mtu kazi. Fundi akakubali. Akasema karatasi haifundishi kitu, kazi yake ni kuwaambia watu wamfuate nani nyumba ikiungua. Mke wangu alicheka. Na mimi nilicheka, lakini baadaye.

Akauliza nani alifunga umeme wa vyumba vya nyuma. Domo langu likaniponza. Nikasema ni fundi mmoja wa zamani. Akauliza anapatikana wapi. Nikasema alishafariki. Mke wangu alikuwa analamba kijiko, akakiacha kinywani. Fundi akasema Mungu amrehemu, akauliza kama aliuawa na umeme. Nikasema hapana, uzee.

Kisha akapita. Jamani! Aliivuta kalenda ya kwanza aliyoiona. Akakwangua rangi kwa ukucha. Akaniomba nisaidie kusogeza friji. Ana roli la vibandiko vyekundu. Kila akiona kitu kibaya anabandika kimoja, anaandika kitu juu yake kwa kalamu, halafu anaandika tena kwenye daftari lake. Watu wa leseni wanapenda kuandika. Alibandika kumi na tano. Vyote kwenye kazi ya marehemu. Hata soketi yangu ya chumbani! Nilimwonyesha ilivyonyooka. Akasema imenyooka, ndiyo, lakini ndani nimetumia waya wa spika. Nikamsahihisha kwamba aliyetumia ni marehemu.

Soketi ya shemeji haikupata kibandiko. Fundi aliifungua, akaichungulia, akaifunga. Akasema aliyeifunga hii alikuwa na adabu.

Msumari hakuuona. Nilikuwa nimesimama mbele ya kiboksi cha fyuzi nikimsimulia habari za marehemu. Akasema atakifungua siku ya kazi, umeme ukiwa umezimwa.

Mpango wake ni huu. Waya za nyuma zinatoka zote, zinaingia mpya, na waya wa ardhi, na kila chumba na swichi yake ya usalama. Kazi ya siku mbili. Lakini hawezi kuzima umeme mayai yakiwa ndani ya mashine. Ataanza Jumanne ijayo, vifaranga vikishatoka. Mpaka siku hiyo mashine ikae pale pale korido, na kitu chenye kibandiko chekundu kisiguswe na mtu. Pasi pia isiguswe. Alinitazama aliposema pasi. Sijui nani alimwambia.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaja. Ana pua ya kunusa aibu ya mtu hata ikiwa mtaa wa tatu. Alipita chumba kwa chumba, mikono nyuma, anahesabu vibandiko kwa sauti. Alipofika kumi na tano alirudia kuhesabu, eti asije akakosea. Kisha akaniuliza huyo fundi marehemu alizikwa wapi, kwa sababu angependa kupeleka rambirambi. Mke wangu akatoka nje haraka. Nilisikia akikohoa kule uani kwa muda mrefu.

Halafu akaenda korido. Akainama mbele ya soketi yake, akaifuta vumbi kwa kidole, taratibu. Hakusema neno. Ni bora angesema.

Jumapili anakuja na mkewe kula chakula cha mchana. Ataipita ile soketi kila akienda kunawa mikono. Najua sitalala vizuri, hata nikilala mapema.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kumi na nane. Kuanzia leo mayai hayageuzwi wala mfuniko haufunguliwi. Mke wangu anaipita korido kwa kunyata. Anaongea na mashine. Anayaita mayai wanangu. Watoto wetu wenyewe wameshaoa na kuolewa, sijamsikia akiwaita hivyo siku hizi.

Mimi nina furaha leo. Wazo limenijia nikipiga mswaki. Vibandiko ni karatasi tu yenye gundi. Kinachobandikwa kinabanduka. Mke wangu alipokwenda dukani nilikibandua kibandiko cha soketi yangu ya chumbani, polepole, kwa ukucha wa kidole gumba, kisichanike. Nikakipeleka korido. Nikakibandika kwenye soketi ya shemeji, katikati kabisa.

Simwibii mtu. Vibandiko bado ni kumi na tano, hesabu ya fundi haijaharibika. Kimoja kimehama, basi. Jumapili shemeji ataenda kunawa mikono, atakiona, atatulia. Jioni nitakirudisha. Nani ameumia?

Jumamosi, 8 Machi

Naandika na mkono mmoja. Wa pili umefungwa kitambaa, lakini si kitu.

Asubuhi nilienda kunyoa. Niliporudi korido ilikuwa tupu. Ile mashine ilikuwa chumbani kwetu, inanguruma, imechomekwa kwenye soketi yangu. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani, jasho linamtoka. Alisema ni Mungu tu. Eti siku zote hizi hakukiona kibandiko cha korido, na mayai yamekaa juu ya hatari. Akazunguka nyumba nzima kutafuta soketi isiyo na kibandiko, akaipata moja tu. Jirani alimsaidia kuibeba mashine, hatua kwa hatua, kama maiti ya mfalme. Akanishika mkono. Akasema fundi alimkosea marehemu, angalau soketi moja aliifunga vizuri.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nalijua hilo. Nilifungua mdomo. Lakini alikuwa amenishika mkono, na soketi yangu ilikuwa inasifiwa kwa mara ya kwanza tangu izaliwe. Nikasema kweli, marehemu alikuwa na siku zake nzuri. Nikaazimia kukaa pale pale na kuilinda kwa macho mpaka Jumatatu.

Niliilinda kwa muda wa saa mbili na nusu. Saa nane mchana nikasikia harufu ya plastiki. Soketi ikaanza kulainika, ikapinda, ile iliyonyooka kwa rula! Moshi. Fyuzi ingeungua mambo yangeishia hapo, lakini msumari hauungui. Nikaichomoa plagi kwa mkono, ndipo nilipoungua, nikakimbia kuzima swichi kuu. Kimya. Nyumba nzima ikawa kimya, na mashine pia. Siku ya kumi na tisa.

Mke wangu hakupiga kelele. Alimpigia fundi simu, akaiweka tuisikie sote. Fundi akauliza ni soketi ipi. Akajibiwa ni ya chumbani, ile isiyo na kibandiko. Fundi akasema ngoja. Tulisikia kurasa za daftari zinafunuliwa. Akasema ya chumbani ina kibandiko, yeye mwenyewe alikibandika, namba tisa. Mke wangu akaishusha simu. Akaenda korido. Aliinama mbele ya soketi ya kaka yake, akasoma. Kumbe alichokuwa akiandika fundi kwa kalamu ni namba.

Alirudi akasimama mlangoni. Alisema neno moja tu, tisa, na machozi yakamtoka. Njia ya mwongo ni fupi, ila sikujua kama inaishia kwenye korido ya nyumba yake mwenyewe. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema yote. Kibandiko, msumari, marehemu. Akasema marehemu alimjua tangu Jumatano, aliolewa naye.

Fundi alikuwa bado kwenye simu. Alisema tuache kulia, mayai hayana habari na ugomvi wetu. Mashine isifunguliwe. Chupa za maji ya moto zizungushwe pande zote, blanketi juu, tundu za hewa ziachwe wazi, yeye yuko njiani. Jiko letu ni la gesi, namshukuru Mungu. Nilichemsha maji kwa sufuria nne. Shemeji alifika na blanketi za dukani kwake, sita, mpya, bado zina lebo. Sikumwita mimi. Hakusema lolote kuhusu soketi. Alishika chupa upande wake, nami upande wangu, tumeikumbatia mashine kama watu wawili wanaogombea godoro, na mke wangu akisoma kipimajoto kila baada ya dakika tano. Kilishuka. Nilisikia sauti yake ikishuka nacho. Nikalala kifudifudi juu ya blanketi kuongeza joto la mwili. Niliogopa kweli kweli. Si kuhusu mayai tu. Nilikuwa nimeliona begi lake la nguo juu ya kabati, halikuwa limefunikwa na vumbi.

Fundi alifika saa kumi. Alizitenga waya zangu zote, akaiacha soketi ya korido peke yake kwenye laini mpya na fyuzi ya kweli. Saa kumi na moja kasoro mashine ikakohoa, ikawaka. Kisha akamwonyesha mke wangu msumari, ameushika kwa koleo, akaniuliza ule msumari umekaa pale tangu lini. Nikasema Januari. Akasema alijua kwamba marehemu ni mimi tangu aliponiona nikiwasha taa ya baraza kwa bega. Marehemu angekuwa mtu mwingine, bega lisingekuwa limezoea hivyo.

Shemeji aliuomba ule msumari. Ameondoka nao.

Jumatatu, 10 Machi

Jana chakula cha mchana kilikuwa kimya. 

Leo nimelala sebuleni, siku ya pili. Saa kumi na mbili asubuhi mke wangu aliniita. Neno la kwanza tangu Jumamosi. Alisema njoo. Nilikwenda bila viatu. Kwenye kioo cha mashine yai moja lilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kitu kinasukuma, kinapumzika, kinasukuma. Tulikaa chini korido, mgongo ukutani, mpaka kikatoka, kimelowa, kibaya, kinatetemeka. Mke wangu akalia tena, kilio kingine. Mimi pia. Nilisema ni moshi wa juzi.

Mpaka jioni vimetoka arobaini na kimoja. Kumi na moja havikutoka. Aliyatoa yale mayai moja moja, akanipa mimi niyazike. Nimeyazika nyuma ya ukuta, karibu na yale ya Januari. 

Usiku mke wangu ametoa hukumu. Hahami. Lakini sanduku langu la vifaa, na bisibisi zote, na utepe, na testa isiyowaka, vyote viende kwa shemeji leo hii. Nimevipeleka kwa miguu yangu. Na nimeapa mbele yake, mkono juu: sitagusa umeme wa nyumba hii tena maishani. Nimeapa kwa dhati. Nimejisikia mwepesi.

Jumatano, 12 Machi

Fundi anamaliza leo. Jana alitoa ndoo mbili za waya zangu. Kila taa sasa ina swichi yake, unabonyeza, inawaka. Asubuhi niliusukuma mlango wa baraza kwa bega kwa mazoea, nikaanguka nje.

Kwa kuwa umeme unazimwa na kuwashwa kwetu siku hizi mbili, vifaranga vimehamishiwa kwa shemeji, sebuleni, ndani ya boksi, chini ya taa ya joto. Shemeji yuko dukani. Mke wangu na mke wa shemeji wamekwenda kununua chakula cha vifaranga. Mke wangu aliniacha hapa niviangalie. Alifikiri sana kabla ya kuniacha. Alisema ananiamini saa moja tu. Nilimshukuru, nikakaa, nikashika daftari hili.

Vinalia vizuri. Vyote arobaini na kimoja, nimevihesabu mara tatu. Vinapenda joto, vimejikusanya chini ya taa.

Ila nimeinua macho. Soketi ya taa ile, hapa kwa Injinia mwenyewe, imepinda. Imeinama kushoto, inaonekana wazi kabisa. Mtu anayesifiwa adabu! Na sisi ndio tumeweka hapo roho arobaini na moja. Fundi mwenye leseni hajawahi kuiona nyumba hii. Mimi nimekaa naye siku nne, nimejifunza mengi. Na kiapo changu nakikumbuka neno kwa neno. Nilisema umeme wa nyumba hii, nikiwa nimesimama kwangu.

Sanduku langu la vifaa liko hapa, nyuma ya mlango. Ile bisibisi nyekundu iko juu kabisa. Wamesema saa moja, zimepita dakika kumi na tano. Sitachezea umeme ukiwa umewaka, mimi si mjinga tena. Nazima swichi kuu kwanza. Vifaranga havitahisi chochote, ni dakika mbili tu.